Fumo Liyongo Aingia Kidato cha Kwanza: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli?

Shule zikifunguliwa Januari, mtoto aliyemaliza shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania hukuta mambo yamegeuka. Miaka yote amefundishwa kwa Kiswahili. Sasa biolojia, jiografia na hisabati zinamjia kwa Kiingereza, na katika vipindi vya Kiingereza chenyewe anatakiwa aandike aya zinazoeleweka. Ana miaka 13 au 14. Nyumbani anabishana na wajomba zake kuhusu Simba na Yanga, anajua nani alimdhulumu nani katika ukoo, na ana maoni yake kuhusu haki. Darasani anapewa kisa cha mtoto wa miaka 6, kwa sababu Kiingereza chake kinaishia hapo.

Naamini hapo ndipo pa kumletea tendi: visa virefu vya mashujaa, vyenye wivu, safari, gereza, usaliti na kifo. Akili yake imeshavifikia, na kitu cha kusema ndicho kinachomfanya mtu atafute maneno ya kukisemea. Lakini nikilisema hili mbele ya walimu wenzangu au kwenye kikao cha wazazi, najibiwa kwa kauli zilezile. Nazichukua moja moja.

“Kiingereza kiive kwanza, visa vikubwa vije baadaye.” Si kweli.

Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha aliyefanya kazi Kanada, alieleza kwamba mtoto anayejifunza lugha ya pili huweza kuongea ya kila siku baada ya takriban miaka 2, ila lugha ya vitabu na masomo humchukua kati ya miaka 5 na 7. Na hao ni watoto wa wahamiaji, waliozungukwa na Kiingereza dukani, barabarani na kwenye televisheni. Mtoto wetu ana miaka minne tu hadi mtihani wa kidato cha nne, na akitoka getini anarudi kwenye Kiswahili, Kisukuma au Kihaya. Akiambiwa asubiri Kiingereza kiive, atamaliza shule akiwa bado anasubiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya jaribio katika shule za msingi za vijijini huko Fiji. Watoto waliokuwa wakijifunza Kiingereza kwa kukariri miundo ya sentensi walimwagiwa vitabu vya hadithi, kama 250 kwa darasa, vyenye picha na visa vya kuvutia. Baada ya miezi 8 walikuwa wamepiga hatua karibu mara mbili ya kawaida katika kusoma na kusikiliza. Mwaka wa pili faida ikaenea hadi kwenye uandishi na sarufi. Hakuna aliyewangoja waive. Hadithi ndiyo iliyowaivisha.

Utendi una jambo la ziada linalomfaa mwanafunzi wa lugha, nalo ni kurudiarudia. Mwaka 1956, katika misitu ya Wanyanga mashariki mwa Kongo, msimulizi aitwaye Shé-Karisi Rureke alisimulia habari za Mwindo kwa siku 12. Shujaa huyo alizaliwa akiwa anatembea na kusema, na sifa yake hiyo inarudi tena na tena kila anapotajwa. Msikilizaji akipitwa mara ya kwanza, hapitwi mara ya tatu. Mwalimu anayehangaika kubuni mazoezi ya kurudia maneno bila kuchosha darasa angetamani kisa cha namna hii, na kipo tayari.

“Utendi ni wa Wagiriki. Sisi tuna hadithi za sungura.” Si kweli.

Kauli hii iliwahi kuwa na heshima ya kitaaluma. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, aliandika kwamba utendi hauonekani sana kusini mwa Sahara, ukiacha tenzi za Kiswahili zilizoandikwa, ambazo alizihusisha na athari ya Kiarabu. Haikuchukua muda akajibiwa. Kisa cha Mwindo kilikuwa kimeshachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene. Isidore Okpewho wa Nigeria alitoa kitabu kizima juu ya utendi wa Afrika mwaka 1979. Na Mugyabuso Mulokozi alipeleka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986, tasnifu yake kuhusu tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa enanga, ala ya nyuzi ya huko Kagera. Mtoto wa Bukoba anayeambiwa kwamba mashujaa wanatoka Ugiriki anadanganywa juu ya nyumba ya babu yake.

Halafu yupo Sundiata wa Mali, aliyeshindwa kutembea utotoni mpaka siku mama yake alipodharauliwa kwa ajili ya majani ya mbuyu. Djibril Tamsir Niane aliuandika utendi huo kutoka kinywani mwa msimulizi Mamadou Kouyaté na kuuchapisha kwa Kifaransa mwaka 1960, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka 1965. Ni kitabu chembamba chenye lugha nyepesi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anakimudu akisaidiwa kidogo.

Na yupo wetu, Fumo Liyongo, wa Pate na Ozi katika pwani ya Waswahili, shujaa aliyefungwa na mfalme aliyemwogopa, ambaye utenzi wake ulitungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Nitarudi kwake mara nyingi hapa chini, kwa sababu ndiye ninayempendekeza aanze.

“Ukikisimulia kwa Kiswahili, Kiingereza kimekufa.” Si kweli, ila hofu ina chanzo.

Shule nyingi bado zina kibao kinachokataza Kiswahili, na wapo walioadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika jinsi watoto wa Kenya wakati wa mkoloni walivyovishwa kibao shingoni kwa kosa hilo. Kinachosahaulika ni kwamba mtoto anayeelewa kisa hakielewi upya kila anapobadili lugha. Akishajua kwamba mfalme anamwogopa Liyongo, kwamba mama ndiye mwenye akili, kwamba walinzi ni walafi, maarifa hayo yanavuka naye. Kwa Kiingereza kinachobaki ni kutafuta maneno. Asiyekijua kisa ana mizigo miwili: kuelewa kinachotokea, na kuelewa lugha inayokisema. Wengi huangusha yote.

Mpango ninaouamini ni huu. Kipindi cha kwanza mwalimu anasimulia Liyongo kwa Kiswahili kitamu, na wanaomjua kutoka kwa bibi zao wanaruhusiwa kumkatiza na kumsahihisha. Kipindi cha pili anakisimulia kisa hichohicho kwa Kiingereza rahisi, akichora ubaoni gereza, mkate na kisima, bila kutafsiri sentensi hata moja. Hapo ndipo hofu ya walimu wenzangu inapopata haki yake. Mwalimu akisema sentensi ya Kiingereza na kuitafsiri papo hapo, watoto huacha kusikiliza ya kwanza na kungoja ya pili. Kiswahili kitangulie, kisha kikae pembeni.

“Kitabu kisomwe chote, toka jalada hadi jalada.” Si kweli.

Odyssey, utendi wa Kigiriki wa Homer, ina vitabu 24 na mistari ipatayo 12,000, na Odysseus mwenyewe haonekani mpaka kitabu cha 5. Polyphemus, jitu lenye jicho moja, linangoja kitabu cha 9. Watafiti wa msamiati kama Paul Nation wanakadiria kwamba msomaji anahitaji kuyajua maneno 98 kati ya kila 100 ndipo asome bila msaada. Ukimpa kidato cha kwanza tafsiri kamili ya Homer unampa kamusi ya kubeba. Chagua pango la Polyphemus, liandike upya kwa maneno wanayoyajua, na inatosha. Rureke naye alisema hajawahi kuukamilisha Mwindo kwa mfululizo kabla ya siku zile 12. Wasikilizaji wake walizoea kuupata kwa vipande.

“Msimulizi hodari ni mwandishi hodari.” Nusu kweli.

Hii ndiyo kauli ninayoipenda na ndiyo inayoniumiza kichwa. Mwaka 1935, mtafiti Milman Parry na msaidizi wake Albert Lord walimkuta Montenegro mkulima na mwimbaji wa tendi aitwaye Avdo Međedović, asiyejua kusoma wala kuandika, na mwimbaji huyo akawapa utendi mmoja wenye mistari zaidi ya 12,000. Ufundi mkubwa wa kusimulia unaweza kuwapo bila kalamu. Kwa hiyo mtoto anayesimulia vizuri barazani ana hazina kweli: anajua kipi kitangulie, anajua mahali pa kusita ili watu waulize “ikawaje?” Mazoezi ya kusimulia wawili wawili kabla ya kuandika husaidia sana, na nayahimiza.

Ila msimulizi ana mikono, ana uso, ana sauti ya kupanda na kushuka. Akisema “mama akaoka mkate” huku akikonyeza jicho, darasa zima limeelewa kuna hila. Karatasi haikonyezi. Mtoto huyohuyo akiandika, hutoa kitu cha namna hii:

“Liyongo was in prison. His mother made bread. The guards did not want it. There was a file inside.”

Sentensi nne, na hazina kosa. Lakini kisa kimetoweka, kwa sababu kilichokifanya kisa ni uhusiano kati ya mambo hayo manne. Walinzi walikuwa na tabia ya kumnyang'anya kijakazi Saada chakula kizuri alichokileta na kumwachia mfungwa makombo. Liyongo akatuma ujumbe kwa mama yake: nitengenezee mkate wa wishwa, na ndani yake weka tupa. Walinzi wakauona mkate wa makapi, wakaudharau, wakaupitisha. Ulafi wao ndio uliomfungulia Liyongo mlango. Hilo halimo katika sentensi nne zile.

Hapa mwalimu ana kazi ya kufundisha, na kazi hiyo inajulikana. Mpe mtoto sentensi zake mwenyewe na maneno matatu ubaoni, *because*, *but* na *so*, kisha umtake aziunganishe. Wa kwanza ataandika: “The guards did not want the bread because it was rough, so the file reached Liyongo.” Wa pili ataanza na mama. Wa tatu ataanza na tupa, na darasa litabishana ipi inavutia zaidi. Ubishi huo ni somo la uandishi. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti nyingi kuhusu ufundishaji wa uandishi kwa wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12, na kuunganisha sentensi kulikuwa miongoni mwa mbinu zilizoonyesha faida. Juu zaidi yake kulikuwa na kufundisha hatua za kuandika, yaani kupanga, kuandika rasimu na kuirudia, pamoja na kuandika muhtasari. Hakuna hata moja inayohitaji umeme.

“Sarufi kwanza, na kila kosa lipigwe wino mwekundu.” Si kweli.

Graham na Perin walikuta jambo lililowashangaza wengi: kufundisha sarufi peke yake, kando ya uandishi, hakukuinua ubora wa maandishi, na matokeo yalielekea upande wa hasara. Tafiti zao hazikuwahusu hasa wanafunzi wa lugha ya pili, kwa hiyo sisemi tufute vipindi vya sarufi. Mtoto wetu anahitaji kuonyeshwa jinsi Kiingereza kinavyofanya kazi kuliko mtoto wa London. Swali ni wapi aonyeshwe.

Utendi unajibu. Kila kitu ndani yake kimeshatokea, hivyo wakati uliopita unatumika kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya mwisho bila kulazimishwa. Chukua daftari lenye sentensi hii: “Liyongo go to the well and he kneel down and he is die there.” Ukiweka wino kila penye kasoro, mstari unakuwa mwekundu wote na mtoto hajui aanzie wapi. Mara nyingi huangalia alama, hufunga daftari na kuliweka chini ya dawati. Mwalimu mwingine anatangaza Jumatatu: wiki hii nasahihisha vitenzi vya wakati uliopita, basi. Anapigia mstari *go*, *kneel* na *is die*, halafu anamrudishia mwenyewe atafute. Herufi kubwa na vituo vitapata wiki yao.

Wataalamu wamegombana hapa. John Truscott aliandika mwaka 1996 kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanafunzi wa lugha ya pili hakuna faida na kuachwe kabisa. Dana Ferris akampinga mwaka 1999. Baadaye John Bitchener wa New Zealand alionyesha kwamba usahihishaji unaolenga jambo moja dogo, kwa mfano matumizi ya *a* na *the*, uliwasaidia wanafunzi, na faida ikabaki baada ya muda. Mimi niko upande huo. Kusahihisha kila kitu kunachosha watu wawili bila kumfundisha yeyote.

“Visa hivi vina damu na mambo ya watu wazima.” Kweli.

Vinavyo, na mwalimu ana wajibu wa kuchagua. Utendi wa kale wa Gilgamesh una kurasa ambazo sizipeleki kidato cha kwanza. Nachukua urafiki wa shujaa huyo na Enkidu, kifo cha Enkidu, na safari ya kutafuta uzima usioisha, na darasa linakuwa na mengi ya kufikiria.

Lakini sikubali kufuta usaliti wa mtoto wa Liyongo, ingawa ndio unaouma kuliko yote. Kijana anaahidiwa binti wa mfalme. Anakwenda kwa baba yake, anamuuliza siri ya kifo chake, na baba, aliyeshaona hila machoni mwa mwanawe, anamwambia hata hivyo: ni sindano ya shaba, kitovuni. Kijana anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anapiga goti karibu na kisima na kufa akiwa ameelekeza mshale, na watu wa mji hawathubutu kuchota maji kwa sababu hawajui kama amekufa.

Waulize watoto wa miaka 14: kwa nini baba alisema? Hapa nimeona mikono ikipanda kutoka madawati ya nyuma ambako haipandi kamwe. Mmoja anasema upendo. Mwingine anasema kiburi, alidhani mwanawe hataweza. Mwingine anasema alikuwa amechoka kukimbia. Sasa waambie waandike aya moja ya Kiingereza: maoni yangu, sababu mbili, na tukio moja kutoka kwenye kisa linaloiunga mkono kila sababu. Hiyo ndiyo insha ya hoja ambayo mitihani inaidai, na hakuna aliyelazimika kutunga hoja kuhusu faida za kuishi mjini. Mtoto ambaye hajui neno la Kiingereza la “kiburi” atalitafuta mwenyewe, maana anataka kumjibu mwenzake.

“Darasa lina watoto 80 na kitabu kimoja. Haiwezekani.” Nusu kweli, na nusu iliyo kweli si kosa la mwalimu.

Mwalimu mmoja hawezi kusahihisha aya 80 kila siku, na anayemdai hivyo hajawahi kubeba rundo la madaftari kwenye daladala. Anaweza kuligawa darasa katika makundi ya watu wanane, akasoma kazi za kundi moja kwa kipindi, na mengine yakasomeana kwa kufuata swali moja lililoandikwa ubaoni: je, msomaji anajua kwa nini jambo hili lilitokea? Kila mtu anaandika mara kwa mara, mistari mitano tu, hata kama haisomwi na mwalimu kila mara. Kipindi kina dakika 40. Mistari mitano inaingia na nafasi inabaki.

Vitabu ni jambo jingine, na shule zinastahili vitabu. Nasema hivyo kwa wanaopanga bajeti. Wakati tunangoja, nakala moja mkononi mwa mwalimu inatosha kuanza, kwa sababu tendi zilikuwapo kabla ya nakala. Mwalimu anasoma kwa sauti, watoto wanasikiliza, wanasimuliana, wanaandika. Kila kundi linapewa sehemu moja ya Liyongo: gereza, ngoma iliyopigwa ili kelele yake ifunike sauti ya tupa ikikata mnyororo, kutoroka, mtoto na mfalme, kisima. Wanaandika rasimu, wanairekebisha, wanaichora, wanainakili kwa mwandiko safi. Karatasi zinashonwa kwa uzi na kuwekewa jalada la boksi. Januari inayofuata, kidato cha kwanza kipya kinaanza na kitabu hicho, ambacho Kiingereza chake hakiko mbali na chao, na kazi yao ya kwanza ya kuandika ni kuwajibu waliokitunga: wapi wamekielewa kisa, wapi wamepotea, na wangekimaliza vipi.